Black Panther kwenye sanduku la babu: ndani ya Fantastic Four namba 52 mna nini, na ni kazi ya nani?

"Shikamoo mwalimu. Babu yetu alikuwa baharia wa meli za mizigo hapa Mombasa. Alifariki mwaka jana, na ndani ya sanduku lake la bati tumekuta jarida la katuni la Kimarekani, Fantastic Four namba 52. Kwenye jalada kuna mtu aliyevaa nguo nyeusi ya kubana, bei ni senti 12 na mwezi ni Julai. Ndani nimeona majina ya Stan Lee, Jack Kirby na Joe Sinnott. Rafiki yangu anasema Black Panther ni wa Stan Lee peke yake, wengine walichora tu alichoambiwa, na kwamba jina lilichukuliwa kwenye chama cha Black Panther cha Wamarekani weusi. Mwingine anasema ni feki, maana Black Panther ni wa filamu ya 2018. Mjomba naye anashikilia kuwa Wakanda, nchi ya huyo Black Panther, ni Wakamba, Mmarekani alikosea herufi. Jalada limechanika karibu na pini, na mjomba anataka kulibandika selotepu na kulipiga pasi kabla ya kuuza. Nataka kujua tulichonacho ni nini hasa, na ni cha nani."

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla hujasoma zaidi, nenda kamwambie mjomba aiweke selotepu kando, na pasi isilikaribie jarida hilo kabisa. Sababu nitakupa huko chini.

Tuanze na tulichonacho. Kama ni chenyewe, hilo ni toleo la Julai 1966 la jarida lililochapishwa na Marvel Comics ya New York, na ndimo Black Panther alimotokea kwa mara ya kwanza. Filamu ya 2018 ilimkuta ana zaidi ya miaka hamsini. Kwa hiyo hoja ya kwamba ni feki kwa sababu ya filamu haina miguu. Uwezekano wa kuwa si chapa ya kwanza upo, lakini kwa sababu nyingine, nitakuonyesha namna ya kuangalia.

Ndani mna kisa kimoja cha kurasa ishirini. Kurasa zilizobaki ni matangazo na barua za wasomaji, na nakuomba usizidharau: zikikosekana, jarida si kamili.

Kisa kinaanzia angani, juu ya majengo ya New York. Wale Wanne, yaani Reed Richards anayejinyoosha kama mpira, mkewe Sue anayeweza kutoweka machoni, shemeji yake Johnny anayewaka moto, na Ben Grimm mwenye mwili wa mawe, wanajaribu chombo cha kuruka walichopewa zawadi na mtawala wa nchi moja ya Kiafrika. Ben anashangaa: mtu kama wa kwenye filamu za Tarzan ameupata wapi mtambo wa namna hii? Mshangao wake ndio mshangao wa msomaji wa Kimarekani wa mwaka ule, na kurasa zote zinazofuata ni jibu lake.

Mtawala huyo, T'Challa, ambaye ndiye Black Panther mwenyewe, anawaalika nchini kwake Wakanda kwenye mawindo. Wanapofika wanakuta msitu ambao si msitu. Matawi ni nyaya, maua ni vitufe na vipimo, miamba inanguruma kwa mitambo iliyo ndani yake. Halafu wanatambua kuwa wanaowindwa ni wao. T'Challa, ndani ya vazi lake la chui mweusi, anawanasa mmoja mmoja, kila mtu kwa mtego uliopimwa kwa nguvu zake na udhaifu wake. Anayevuruga mpango si yeyote kati ya wale Wanne. Ni Wyatt Wingfoot, kijana wa wenyeji wa asili wa Marekani anayesoma chuo kimoja na Johnny, asiye na nguvu yoyote ya ajabu. T'Challa alitega mitego ya watu wanne, naye Wyatt alikuwa wa tano. Mwishoni T'Challa anavua kinyago na kuanza kujieleza, na hapo kurasa zinaisha.

Maelezo yenyewe yamo namba 53, ambayo bila shaka babu hakuipata au ilipotea. Humo ndimo tunapoambiwa kuwa mgeni aitwaye Klaw alikuja kutaka madini ya vibranium, akamuua mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, na kwamba yale mawindo yalikuwa jaribio: T'Challa alitaka kujua kama yuko tayari kukabiliana na muuaji huyo. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi, kwenye migodi ya Kongo, hahitaji kufafanuliwa hadithi ya mgeni mwenye silaha anayefuata madini.

Sasa la waumbaji, ambalo kwangu ndilo zito, maana ndipo rafiki yako alipoteleza pamoja na mamilioni ya watu wengine.

Katika Marvel ya miaka ya sitini, Stan Lee alikuwa mhariri na pia mwandishi wa sehemu kubwa ya majarida ya kampuni. Mtu mmoja hawezi kuandika mswada kamili wa kila kisa kila mwezi. Kwa hiyo kazi ilikwenda hivi. Lee na mchoraji walizungumza juu ya wazo, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Mchoraji akarudi nyumbani na wazo hilo, na kwa Kirby nyumbani kulikuwa Long Island. Huko ndiko kisa kilikopata mwili: nani anaingia wapi, pigano lichukue kurasa ngapi, mahali pafananeje, mtu mpya avae nini. Kirby alichora kurasa zote kwa penseli, kwenye karatasi kubwa karibu mara mbili ya ukubwa unaoushika wewe, akiandika pembeni maelezo ya kinachotendeka. Baada ya hapo ndipo Lee alipozitazama picha na kuandika maneno ya kwenye viputo na visanduku.

Ukisikia "mwandishi" na "mchoraji", unadhani mmoja alitunga na mwingine akapamba. Katika jarida hili picha zilitangulia maneno.

Na mfano ulio karibu kabisa upo. Matoleo manne tu kabla ya lako, katika namba 48, alitokea Silver Surfer, yule wa rangi ya fedha anayeteleza angani kwenye ubao. Lee mwenyewe alieleza hadharani kuwa hakumpanga. Walikubaliana juu ya Galactus, mla-sayari, na kurasa zilipofika mezani kwake akamkuta mtu asiyemjua. Kirby alikuwa ameona kwamba kiumbe mkubwa namna ile anahitaji mtumishi wa kumtangulia.

Kwa Black Panther, kila mmoja wa hao wawili alieleza baadaye kuwa wazo la kumweka shujaa mweusi lilikuwa lake. Kirby alisema aligundua kuwa hakuwa na watu weusi katika kazi zake ilhali wasomaji weusi walikuwapo, akaona haya. Lee naye alisema alitaka shujaa mweusi atakayevunja mazoea ya wakati ule. Nani alitamka kwanza, karatasi haziwezi kuamua. Ila upo mchoro wa awali wa Kirby wa mhusika huyu akiwa na jina jingine, Coal Tiger, na vazi tofauti. (Afrika haina simbamarara wa porini, kwa hiyo ni heri jina lile liliachwa.) Lipo pia jalada la mwanzo ambalo halikutumika, kinyago kikiacha sehemu ya uso wazi. Kwenye jalada mlilonalo uso umefunikwa wote, na mtu aliyelitazama dukani mwaka 1966 hakuweza kujua rangi ya ngozi ya aliyemo ndani ya vazi.

Hukumu yangu baada ya kuzitazama kazi zao kwa miaka mingi ni hii. Umbo la T'Challa, mwendo wake, msitu wa mitambo na mpangilio wa kisa vina mkono wa Kirby ulio wazi. Heshima katika usemi wake, ucheshi wa Ben na uhai wa mazungumzo ni vya Lee. Mtoe mmoja wao, huna jarida hili. Lakini mmoja alipata sifa mapema na mwingine alichelewa sana kuzipata, na hilo linanisikitisha hadi leo.

Kirby alizaliwa New York mwaka 1917 kwa jina la Jacob Kurtzberg, katika mtaa wa mafukara wa Lower East Side. Lee naye alizaliwa Stanley Lieber, mwaka 1922. Wote wawili ni wana wa wahamiaji Wayahudi. Kirby alikuwa ameshamuumba Captain America pamoja na Joe Simon kabla hajapelekwa vitani Ufaransa mwaka 1944. Aliondoka Marvel mwaka 1970 akiwa na uchungu kuhusu malipo na kutambuliwa, akarudi miaka ya katikati ya sabini, na mwaka 1977 akaandika na kuchora mwenyewe jarida la Black Panther. Alifariki 1994. Warithi wake walipelekana mahakamani na kampuni juu ya haki za kazi zake, shauri likaisha kwa maafikiano Septemba 2014. Tangu hapo jina lake linaonekana kwa uwazi zaidi panapotajwa waumbaji.

Joe Sinnott usimpite haraka. Yeye ndiye aliyetia wino. Penseli haikuchapika vizuri kwa mitambo ya wakati ule, kwa hiyo kila mstari wa Kirby ulibidi upitiwe kwa brashi na kalamu ya wino mweusi. Mtia wino mvivu hufuta nusu ya mandhari ili amalize mapema. Sinnott hakufuta. Tazama zile nyaya na vyuma vya msituni: ung'avu wa chuma na weusi unaobeba uzito ni mkono wake. Alianza kumtia wino Kirby mfululizo katika jarida hili tangu namba 44, na mimi huziona kurasa za kipindi hicho kuwa bora kuliko zote walizotoa. Utamkuta pia mtu wa kuandika herufi, kazi ambayo Marvel ya siku hizo mara nyingi ilifanywa na Sam Rosen au Artie Simek, kwa mkono, kiputo kwa kiputo. Aliyechagua rangi hutamkuta. Hawakuwa na desturi ya kumtaja.

Juu ya jina. Chama cha Black Panther kiliundwa na Huey Newton na Bobby Seale mjini Oakland, California, Oktoba 1966. Jarida lako ni la Julai, na hata hiyo Julai ni tarehe ya mbele: wachapishaji waliandika mwezi wa baadaye ili muuzaji asiliondoe jarida kwenye rafu mapema. Lilikuwa madukani miezi kadhaa kabla ya chama. Ni kweli chui mweusi alikuwa tayari nembo ya chama kingine cha watu weusi katika wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama, na Oakland walilitoa jina huko, si kwenye katuni. Kufanana huko kuliisumbua kampuni kiasi kwamba mwaka 1972, katika Fantastic Four namba 119, T'Challa alijiita Black Leopard kwa muda mfupi. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaona haraka kwamba hakubadilisha kitu: panther mweusi wa Afrika ni chui huyuhuyu wetu, ila ngozi yake ina weusi uliozidi. Wapo hata Laikipia, na wamepigwa picha.

Mjomba mpe heshima yake, lakini Wakanda si Wakamba. Fuata sarufi yetu wenyewe: watu ni Waganda, nchi ni Uganda, watu ni Wakamba, kwao ni Ukambani. Mtu aliyetunga jina la nchi kwa kufuata Kiswahili asingeanza na wa-. Angeanza na u-, akapata Ukanda, na mshipi ndio ungekuwa jina la nchi. Kwa upande mwingine, neno Wakanda limo tangu zamani katika lugha za wenyeji wa Marekani wa jamii ya Siouan, kama Waomaha, likimaanisha nguvu kuu ya kiroho. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi chochote, kwetu wala kwao. Kisa cha 1966 kinaiweka nchi hiyo Afrika tu. Ramani za Marvel za baadaye ndizo zilizoisogeza upande wetu, karibu na Ziwa Turkana. Na lugha inayosikika kwenye filamu ni Kixhosa cha Afrika Kusini, iliyoingia kupitia mwigizaji John Kani.

Huenda pia mtu akakuambia kuwa huyu ndiye mtu mweusi wa kwanza katika katuni za Marekani. Hapana. Mwaka 1947 mwandishi wa habari mweusi wa Philadelphia, Orrin Evans, alitoa All-Negro Comics iliyokuwa na shujaa aitwaye Lion Man, na mwaka 1954 kampuni iliyokuja kuwa Marvel ilichapisha visa vya Waku, mwana wa mfalme wa Kibantu. T'Challa ni wa kwanza kwa jambo hili: kuwa shujaa mweusi mwenye uwezo wa ajabu katika majarida ya kampuni kubwa. Na tuseme kweli, kisa chenyewe kina madoa ya wakati wake: Waafrika wa pembeni wamechorwa wakiwa na mikuki katikati ya mitambo, na maneno ya Ben kuhusu Tarzan yanakera. Hata hivyo, kumweka mfalme wa Kiafrika mwenye akili ya kisayansi kuwazidi mashujaa wenyewe wa jarida, mwaka 1966, bendera za nchi zetu zikiwa bado mpya, lilikuwa jambo la ujasiri. Mtu mweusi kumchora kwa mfululizo kulichelewa hadi miaka ya sabini, mchoraji Billy Graham alipofanya kazi na mwandishi Don McGregor katika jarida la Jungle Action.

Turudi kwenye sanduku. Chapa ya kwanza ina senti 12 na namba 52 kwenye jalada, muhuri mdogo wa Comics Code (idhini ya maadili ya majarida ya katuni), pini mbili mgongoni, na karatasi ya ndani ya aina ya gazeti, ambayo kwa umri huu lazima iwe imepiga rangi ya majani ya chai makavu, hasa kingoni. Ukiona msimbo-pau popote, si ya 1966, kwa kuwa majarida haya yalianza kuuweka katikati ya miaka ya sabini. Karatasi nyeupe inayong'aa ni chapa ya kisasa. Soma yale maandishi madogo yaliyo chini ya mojawapo ya kurasa za mwanzo: matoleo yanayorudufu jarida lote, pamoja na matangazo, hutaja humo mwaka wake halisi. Ukikuta bei kwa peni za Kiingereza badala ya senti, usiogope. Marvel ilichapisha nakala za kuuzwa Uingereza katika mitambo ileile. Halafu hesabu kurasa, ukiangalia kama kuna kuponi iliyokatwa. Watoto wengi walikata.

Kuhusu selotepu. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, ikageuka hudhurungi, na baada ya miaka utepe hudondoka ukiacha doa lisilotoka. Pasi huipa joto karatasi ambayo tayari ina asidi, ikaharakisha kukatika. Na mkusanyaji atayaona yote mawili. Ubora wa majarida hupimwa kwa alama kutoka nusu hadi kumi, na mchaniko mdogo ulioachwa hupunguza alama kidogo kuliko mchaniko uliotengenezwa vibaya. Hata rangi iliyopakwa kufunika mkwaruzo huhesabika kuwa ukarabati, na thamani huporomoka. Kwa hiyo usifanye kitu. Tafuta mfuko wa plastiki ya polipropilini, usiwe wa PVC, na kadibodi isiyo na asidi ya kulishikilia mgongoni. Lilaze kwenye sanduku, mbali na dirisha na mbali na sakafu. Hewa ya Mombasa ni yenye unyevu, na sanduku la bati hutoa jasho ndani, kwa hiyo weka vipakiti vya kukausha unyevu na uvibadilishe.

Ipo hali ambayo maneno yangu hayatoshi. Ukiona ukungu wa unga au madoa meusi, kurasa zimegandana, au wadudu wameanza kutoboa, usizitenganishe wala kuzifuta. Litie kwenye bahasha ya karatasi, peke yake, ulipeleke kwa mtu aliyesomea uhifadhi wa karatasi. Kwa kuanzia, ulizeni Makumbusho ya Taifa au Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi. Kuhusu kuuza, bei nakataa kukutajia bila kuliona, kwa kuwa nakala mbili za toleo hili zinaweza kupishana mara nyingi kwa sababu ya mgongo na rangi ya karatasi tu. Zipo kampuni za nje, CGC ikiwamo, zinazokagua, kutoa alama na kulifunga jarida ndani ya plastiki ngumu. Gharama na hatari ya posta vina maana kama jarida ni kamili. Kama jalada limeachana na pini zote mbili au kurasa hazitoshi, piga hesabu kwanza. Wewe na mjomba kubalianeni pia na warithi wengine wa babu, kwa maandishi, kabla mnunuzi hajaingia mlangoni. Mnunuzi akiomba kuondoka nalo akalikague kwake, mwambieni akague hapohapo mezani.

Na kabla halijafungwa, nawa mikono, ikaushe vizuri, ulifungue taratibu bila kulilaza wazi kabisa, mpaka kwenye kurasa za ule msitu. Zipitie mara ya kwanza bila kusoma kiputo hata kimoja, uone umeelewa kiasi gani. Kisha rudi mwanzo uyasome maneno.